Nusu na Theluthi: Gari la Mkopo Uingereza na Pikipiki ya Mkataba Morogoro

Gari nililolichukua kwa mkopo hapa Uingereza lilinifaa kwa miezi 29, kisha likageuka mzigo. Nilikuwa nikihudumia wazee majumbani mwao, kazi ambayo hupewi kama huna gari, kwa kuwa unatoka nyumba hadi nyumba tangu kabla ya jua kuchomoza. Kampuni iliyoniajiri ilipopoteza zabuni ya halmashauri, nilihamia katika nyumba ya kutunzia wazee iliyo mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka ninapoishi, na gari likabaki limeegeshwa nje ya mlango, likila pauni 200 kila mwezi, mbali na bima na kodi ya barabara.

Ushauri wa wenzangu tunaotoka nyumbani ulikuwa wa aina mbili. Wa kwanza ulisema niliuze nimalize deni, na wa pili ulisema niache kulipa, wenyewe watakuja kulichukua. Ushauri wa kwanza haukuwezekana, kwa sababu katika mkataba wa aina hii gari ni mali ya mkopeshaji mpaka senti ya mwisho ilipwe, na anayeliuza bila ruhusa anauza kisicho chake. Ule wa pili ungeniharibia jina katika kumbukumbu za mikopo kwa miaka sita, na kwa mgeni asiye na nyumba wala ndugu wa kumdhamini, kumbukumbu hizo ndizo anazotazamwa nazo hata anapotafuta chumba cha kupanga.

Jibu lilikuwa kabatini mwangu muda wote huo. Sheria ya Mikopo ya Walaji ya mwaka 1974, katika vifungu vya 99 na 100, inampa mkopaji haki ya kuukomesha mkataba wakati wowote kabla ya rejesho la mwisho kufika. Anamwandikia mkopeshaji, anarudisha gari likiwa limetunzwa kwa uangalifu wa kawaida, na wajibu wake unakomea kwenye nusu ya bei yote ya mkataba, pamoja na marejesho yoyote yaliyokuwa yamekwisha kufika tarehe bila kulipwa. Aliyekwishalipa nusu hiyo hadaiwi zaidi, na ambaye hajaifikia anaongeza kilichopungua. Sheria inataka haki hii iandikwe katika mkataba wenyewe, na kiasi cha nusu hiyo kitajwe kwa pauni. Kwangu ilikuwa ukurasa wa tatu, ndani ya kisanduku, na nilikuwa nimetia saini chini yake bila kukisoma, kama ambavyo nadhani wengi wetu hufanya tukiwa na furaha ya funguo mkononi.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Kianzio pauni 1,000, marejesho 48 ya pauni 200, na mkupuo wa mwisho wa pauni 5,400 kama ningetaka gari libaki langu. Jumla pauni 16,000, riba ikiwemo. Mikataba hii yenye mkupuo, ambayo hapa huitwa PCP, ina ujanja wake: mkupuo nao unahesabiwa ndani ya bei yote, kwa hiyo nusu si pauni 5,300 kama mtu anavyoweza kudhani akitazama kianzio na marejesho ya mwezi peke yake, bali ni pauni 8,000, na mlipaji wa aina yangu anaifikia mwezi wa 35 kati ya 48. Mimi nilikuwa nimelipa 6,800. Nilitakiwa kuongeza 1,200 na kukabidhi gari.

Kulikuwa na njia nyingine ya halali, ya kulilipa deni lote mapema, ambayo mkopaji anayo pia kisheria na ambayo humpunguzia riba ya miezi iliyobaki. Niliomba hesabu hiyo kwa maandishi, nikapewa takriban pauni 8,200, wakati mnunuzi wa magari yaliyotumika alikuwa tayari kunipa 5,900 tu. Pengo la 2,300 dhidi ya 1,200 halihitaji mhasibu. Lakini gari lingekuwa na thamani kubwa kuliko deni, kukomesha mkataba kungekuwa ni kumwachia mkopeshaji faida yangu, na hapo busara ingekuwa kulipa, kuuza na kubaki na chenji.

Nilipopiga simu ndipo nilipojifunza kwamba haki iliyochapishwa inaweza kupotea kwa kubadilishwa neno moja. Kijana aliyepokea alikuwa mpole sana. Alinisikiliza, akanipa pole, kisha akasema atanitumia fomu ya kulisalimisha gari kwa hiari. Kusalimisha na kukomesha yanafanana masikioni, lakini anayesalimisha gari anakubali liuzwe mnadani kisha adaiwe deni lote lililosalia baada ya kutoa kilichopatikana. Ile nusu haimhusu tena. Kama ningeijaza fomu ile, huenda ningekuwa naendelea kulipa hadi leo gari analoendesha mtu mwingine. Sikuijaza. Niliandika barua fupi, nikakitaja kifungu cha 99, nikaweka tarehe, nikabaki na nakala, nikaituma kwa njia inayosainiwa na mpokeaji. Baadaye walinidai pia fedha za kilomita zilizozidi kiwango cha mkataba, jambo lenye ubishi mrefu ambalo hutegemea jinsi mkataba ulivyoandikwa; tulibishana kwa wiki tano, wakaliacha. Wasingeliacha, ningesubiri wiki nane wanazopewa kujibu malalamiko kisha ningelipeleka kwa msuluhishi wa migogoro ya fedha, ambaye hamtozi mlalamikaji hata peni.

Nitaje mambo mawili harakaharaka kwa aliye katika hali kama yangu. Haki hii haiwahusu waliochukua mkopo wa kawaida wa benki wakanunulia gari, wala wanaokodi gari kwa miaka bila nia ya kulimiliki. Na barua iandikwe kabla mkopeshaji hajauvunja mkataba yeye mwenyewe kwa sababu ya malimbikizo. Akikutangulia, nusu haipo tena. Kabla ya kufanya hivyo analazimika kukupa notisi ya angalau siku 14, na siku hizo si za kujificha.

Wakati nabishana na watu wa kilomita, mdogo wangu aliye Morogoro alikuwa katika mkataba wake. Alichukua pikipiki ya bodaboda kwa utaratibu unaojulikana na kila mtu nyumbani: hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku, siku 390, kisha mwenye pikipiki amkabidhi kadi iwe yake. Jumla ni shilingi 3,900,000. Siku ya 310, akiwa amekwishatoa 3,100,000, aligongwa akavunjika mguu. Pikipiki ilipona kuliko yeye. Wiki ya tatu bila hesabu, mwenye mali alikuja nyumbani, akaichukua, na kesho yake ilikuwa kijiweni na dereva mwingine, ikianza siku ya kwanza ya mkataba mpya.

Hakuna aliyesema ameibiwa. Karatasi ilisema asipoleta hesabu chombo kitarudi kwa mwenyewe, na ilikuwa na saini yake na mhuri wa serikali ya mtaa. Kinachoniuma katika karatasi ile ni kwamba haina daraja lolote: aliyelipa siku 5 na aliyelipa siku 310 wanasimama mahali pamoja, na kadiri unavyokaribia mwisho ndivyo mwenye mali anavyopata faida kubwa zaidi ukianguka. Mkataba kama huo unamtamanisha mwenye mali kuomba mvua inyeshe.

Waingereza wanaujua ugonjwa huu kwa sababu waliuugua. Katika miaka ya 1930, familia za wafanyakazi zilichukua samani kwa malipo ya kila wiki, na wako wafanyabiashara waliokuwa wakingoja mpaka deni libaki kidogo, wiki moja ikikosekana wanakuja na mkokoteni kuchukua kila kitu na kuviuza upya. Mbunge wa Jarrow, Ellen Wilkinson, ndiye aliyepeleka bungeni muswada uliozaa sheria ya mwaka 1938, na humo ndimo lilimotoka wazo la sehemu: mlipaji akishafikisha theluthi, mali haichukuliwi bila amri ya mahakama. Theluthi hiyo imo bado katika sheria ya 1974, ikiwa na meno makali kuliko watu wanavyodhani. Mkopeshaji akilichukua gari lililolindwa bila amri ya mahakama wala ridhaa yako, mkataba unakufa, hudaiwi tena, na anatakiwa kukurudishia kila ulichowahi kumlipa. Kwa hesabu ya mkataba wangu, ulinzi huo ulianza mwezi wa 22.

Majirani zetu wa Kenya waliiga muundo huu katika Sheria yao, Sura ya 507, ila wao wakaweka theluthi mbili ndipo mwenye mali alazimike kwenda mahakamani. Hata kwa kipimo hicho kigumu, mdogo wangu angekuwa amekipita: theluthi mbili ya 3,900,000 ni 2,600,000. Kwa kipimo cha Uingereza angelindwa tangu siku ya 130, na siku ya 195 angeweza kurudisha pikipiki kwa hiari yake na kwenda zake bila kudaiwa chochote.

Sitaki kumpamba Mwingereza kupita kiasi. Mwenye pikipiki alimsubiri mdogo wangu wiki mbili nzima bila kudai, alikwenda kumwona hospitali akiwa na machungwa na shilingi 20,000, na mama yetu alipomwendea na wazee wawili alikaa nao jamvini, akasikiliza, akatoa 200,000 kama pole. Huku kwangu hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini nakomesha mkataba. Kompyuta ilikuwa na tarehe yangu ya kulipa, na msiba usingeisogeza hata siku moja nisipoomba kwa maandishi. Hata hivyo, nikiziweka 200,000 zile kando ya 3,100,000, naona kwamba huruma ilikuwa ya kweli na hesabu ilikuwa ya kikatili, na kwamba mwenye pikipiki hakuhisi kuwa anafanya mambo mawili yanayopingana. Yeye pia si tajiri. Pikipiki ile ameinunua kwa mkopo wa kikundi na ana marejesho yake ya kila wiki.

Ndiyo maana sikubaliani na ndugu zangu wa huku wanaosema nyumbani tatizo ni watu wabaya. Mpole wa kwenye simu alitaka kunitia katika deni la miaka, na mwenye pikipiki alileta machungwa. Tofauti iliyoniokoa ilikuwa ni tarakimu moja iliyoandikwa ndani ya kisanduku, ambayo niliweza kuikokotoa mwenyewe jikoni kwangu bila wakili.

Mdogo wangu amepona na amepata pikipiki nyingine kwa mtu mwingine, kwa siku 400. Kabla hajasaini nilimwandikia mistari miwili. Mmoja ulisema akishalipa theluthi, chombo kisichukuliwe mpaka pande zote mbili zikae mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Wa pili ulisema akishalipa nusu, aweze kurudisha chombo na kuondoka bila deni. Akanipigia jioni. "Kaka, shikamoo. Amekubali wa theluthi, amesema hata yeye unamsaidia, asigombane na watu." Nikamuuliza wa nusu. Alicheka kidogo, akasema mzee ameusoma mara mbili, akauliza kama huko anakoishi kaka yake watu wamerogwa, kisha akachukua kalamu akaukata.