Siti, Suruali na Kaburi la Cecilia Metella

Shemeji yangu anaishi Roma, na mtu akishakaa Roma hapiti jiwe akanyamaza. Jumapili moja akatukodia baiskeli, mimi na dada, twende Via Appia. "Barabara ya mwaka 312 kabla ya Kristo, shemeji! Mpaka leo inapitika!"

Inapitika kwa miguu. Mawe yake ni ya volkano, meusi, mapana kama sinia za pilau, na kila moja limeinukia upande wake. Meno yaligongana, miwani ikaruka, na nati ya siti, ambayo mwenye baiskeli aliapa ameikaza, ikaanza kulegea taratibu. Shemeji yuko mbele anahubiri: sheria ya Warumi ilikataza kuzika ndani ya mji, ndiyo maana makaburi yamejipanga kandokando ya barabara. Nikamwambia kwa mwendo huu tutaongeza la kwetu.

Tukafika kwenye kaburi la Cecilia Metella, mwanamke wa Kirumi wa kale. Si kaburi, ni mnara wa duara wenye upana unaokaribia mita 30. Juu umezungushiwa vichwa vya ng'ombe vya marumaru. Juu yake tena kuna ukuta wa ngome, maana mwanzoni mwa karne ya 14 ukoo wa Caetani uliligeuza kaburi la watu kuwa boma, wakawatoza wapita njia ushuru. Maandishi yanasema marehemu ni binti wa fulani, mke wa fulani, basi. Dada akasonya. "Jengo lote hili, na yeye mwenyewe hawakumsemea hata neno!"

Nikainua shingo nami nisome. Siti ikapinduka. Nikateleza nyuma, chuma kikadaka suruali, ikalia *chraaa* kuanzia kiunoni mpaka karibu na goti.

Nilitupa macho ng'ambo, kwenye kanisa la San Nicola, nikajisitiri humo. Halina paa, na ndani wamejaa watalii. Nikarudi mbio kaburini. Dada akachomoa khanga mkobani, "Hasidi hana sababu", nikajifunga nimeegemea ukuta wa marehemu.

Watalii wakavuka. Wakatazama ng'ombe, wakanitazama mimi. Mzee mmoja akamuuliza shemeji kama nami ni sehemu ya maonyesho. Shemeji hana haya: akajibu ndiyo kwa Kiitaliano kilichonyooka, akachukua simu yao awapigie picha, akarudi nyuma hatua mbili.

"Shemeji, sogea kushoto kidogo. Unamziba ng'ombe."