Mita moja na nusu

Jamani hivi mnajua siku hizi hata maua yanachorewa ramani? Mimi nilijua ramani ni ya nyumba, maua unanunua pale barabarani kwa wale vijana, unachimba shimo, unaweka samadi, unarudi ndani kuangalia mpira. Kumbe ushamba. Mama watoto kashinda Instagram wiki nzima anaangalia mabustani ya watu, mara tukaletewa mtaalamu, kijana ana tepu, ana laptop, ana raba nyeupe peee, mtu wa bustani na raba nyeupe wapi na wapi.

Ramani yenyewe sasa, miduara mitupu. Duara kubwa, duara dogo, duara limepakwa kijani. Eti kila duara ni mmea ukishakuwa mkubwa, ndo maana kati ya mche na mche tunaacha mita moja na nusu. Mirefu nyuma ukutani, mifupi mbele, halafu kila aina ipandwe mitatu au mitano, miwili hapana, jicho la mtu halipendi miwili. Jicho la nani? La kwangu linapenda hata mmoja, ilimradi bei iwe poa.

Nikajitia mjuaji, nimeona YouTube wazungu wanasema ukuta unaotazama kusini ndo unapata jua. Akacheka. "Bosi hapa Dar, mwezi wa sita jua la mchana linapitia kaskazini, mwezi wa kumi na mbili lishahamia kusini, ukiweka mmea wa kivuli kwa kuangalia mwezi mmoja utaukuta umeungua." Yaani mpaka jua lina nyumba ndogo.

Kitaluni ndo usiseme. Kuna kiua cha zambarau, majani yana manyoya manyoya, muuzaji ananiambia "hicho cha Ulaya mzee", bei yake nikashika ukuta. Cha Ulaya wapi, asili yake ni milima ya Usambara, Mjerumani Walter von Saint Paul ndo alikipeleka kwao, kikaandikwa kitaalamu 1893, mpaka leo Wajerumani wanakiita kwa jina la Usambara. Mimi niliyeoa Tanga nauziwa ua la ukweni kama limeshuka na ndege!

Basi tukapanda. Kwenye ramani msitu, chini vijiti na mchanga. Mtaalamu anasema subirini, vitajaza. Dada wa kazi akaionea huruma bogenvilia, kila asubuhi ndoo, na maji yenyewe ya boza, wakati bogenvilia inataka jua kali na shida kidogo, ukiibembeleza inakupa majani tu maua huoni. Ukimwambia aache anakuangalia kama umemnyima mtoto chakula.

Halafu akaja mama mkwe kutoka Muheza. Akasimama barazani, mikono kiunoni, akaangalia zile mita moja na nusu. "Mwanangu, ardhi yote hii mmeiacha uchi halafu mboga mnanunua gengeni?" Nikasema ndio mama, nikameza mate. Kulivyokucha nakuta matembele kila penye nafasi, mchaichai mbele ya miashoki, na mpapai mmoja katikati ya duara la nyasi za pasipalamu. Sasa mkwe huyo, utamwambia ng'oa? Namwambia mke wangu aongee na mama yake, ananijibu "si ndo ulitaka kula matembele ya nazi?" Nilisema lini mimi!

Juzi mtaalamu karudi kupiga picha za kuonyesha wateja wake. Nikajificha dirishani nisione aibu. Nasikia anasema mh, hii ya kutambaa imefunika mchanga vizuri, inazuia magugu, unyevu haukimbii, ni aina gani hii? Dada kamwambia matembele. Kaandika kwenye laptop, tena anauliza kama anaweza kupata vipando vya kumpelekea mteja mwingine.

Mama mkwe kasikia kila kitu. Tangu jana ananiuliza yule kijana tulimlipa shilingi ngapi.