Udongo Haujengwi kwa Amri

Mwaka 2021 serikali ya Sri Lanka ilipiga marufuku uagizaji wa mbolea za viwandani, karibu ghafla. Mavuno ya mpunga yakaporomoka, na kufikia Novemba mwaka huohuo marufuku ikaondolewa. Tangu hapo, ukitetea kilimo kinachotunza mazingira hukosi kutajiwa Sri Lanka.

Mimi naona kilichokosekana kule ni muda. Udongo uliolishwa mbolea ya chumvichumvi miaka nenda rudi huku mboji ikipungua hauna akiba. Ukiukatia ghafla, unagoma. Kuujenga upya kunachukua misimu kadhaa, na misimu hiyo ndiyo inayomtisha mkulima mwenye watoto wa kulisha.

Njia zenyewe zipo. Kunde na jamaa zake hunasa naitrojeni ya hewani kwa msaada wa bakteria wa mizizini. Mabaki ya mazao yakiachwa kuwa matandazo badala ya kuchomwa, mvua haizoi udongo wa juu. Lakini ninayoipenda kuliko zote ni vuta-sukuma, iliyobuniwa miaka ya 1990 na watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Kenya, pamoja na wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa kati ya mistari ya mahindi, matete (majani ya tembo) pembezoni. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua. Matete huwavuta wakatage huko, na viwavi wengi hufa humohumo. Desmodiamu hiyohiyo hudhibiti kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, hurutubisha ardhi, kisha hukatwa ikawa malisho. Mmea mmoja, kazi zote hizo!

Sisemi mbolea ya dukani itupwe. Itiwe kidogo, kwa wakati wake, karibu na shina, maana inayozidi huishia mitoni, na nyingine hugeuka oksidi ya naitrasi, gesi inayopasha dunia joto zaidi ya mara 250 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule.

Ninachodai ni ruzuku ya kipindi cha mpito: mbegu za mikunde, maafisa ugani wanaofika shambani, na fidia mavuno yanaposhuka. Na mikataba ya kukodi ardhi iwe ya miaka mitano au zaidi. Nani atahangaika kurutubisha shamba ambalo msimu ujao analima mwingine?