Akili ya Mtoto Haisomeki Kwenye Agrigeti Peke Yake

Kila Baraza la Mitihani la Uganda linapotangaza matokeo ya darasa la saba, mjadala wa akili huanza upya. Mtoto aliyepata agrigeti 4 hutolewa gazetini akiwa amebebwa mabegani, na kila mtu anasema huyo kazaliwa na kichwa. Aliyepata 30 hupitwa kimya. Jioni mjomba wake atakuja kushauri kwamba fedha za ada zisipotee bure, apelekwe gereji akajifunze kazi. Mtoto ana miaka 13, na watu wazima wamekwisha kukubaliana kuwa hana akili.

Asiyeujua mtihani huu aelewe hivi: masomo ni manne, yaani Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Kila somo hupewa daraja, 1 likiwa bora kabisa na 9 likiwa la kufeli. Ukijumlisha madaraja manne unapata agrigeti. Kilele ni 4, chini kabisa ni 36, na kundi la kwanza la ufaulu (divisheni ya kwanza) ni kuanzia agrigeti 4 hadi 12. Namba hiyo ndiyo inayoamua mtoto atapokelewa sekondari ipi, na kwa wengi ndiyo inayoamua kama atapokelewa popote.

Nyuma ya yote hayo kuna hoja pana inayobishaniwa dunia nzima: je, akili ya binadamu hupimika, na ikipimika, inatabiri maisha yake? Wanaosema ndiyo wana ushahidi mzito kuliko wengi wetu tunavyopenda kukubali, kwa hiyo nianze nao.

Mwaka 1904 Mwingereza Charles Spearman alionyesha kwamba mwanafunzi anayefanya vizuri somo moja huelekea kufanya vizuri na mengine, hata yasiyofanana. Mwaka uliofuata, jijini Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitoa kipimo chao cha kwanza. Nia yao ilikuwa kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi darasani, jambo ambalo wengi wa warithi wao walilisahau. Kisha kuna ushahidi wa Scotland, ambao mpinzani yeyote wa vipimo hivi anapaswa kuujibu. Tarehe 1 Juni 1932 karibu watoto wote wa nchi hiyo waliozaliwa mwaka 1921, zaidi ya 87,000, walikaa mtihani mmoja wa akili siku moja. Karatasi zile zilihifadhiwa. Miongo mingi baadaye mwanasaikolojia Ian Deary na wenzake walizifukua na kuwatafuta wenyewe. Kwa waliotoka Aberdeen, aliyeachwa nyuma utotoni kwa pointi 15 za kipimo cha akili alikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kufika miaka 76 akiwa hai, pungufu kwa takriban asilimia 21. Mtihani ulioandikwa na mtoto wa miaka 11 ukawa na uhusiano na umri wake wa kufa. Utafiti mwingine wa Uingereza, uliofuatilia watoto wapatao 70,000, ulikuta uhusiano wa karibu 0.8 kati ya kipimo cha akili cha miaka 11 na matokeo ya mitihani ya taifa ya miaka 16, kwenye kipimo ambacho 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kufuatana hatua kwa hatua.

Huwezi kuyapuuza hayo kwa kusema tu kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mwalimu mwenye darasa la watoto 90 anajua wazi kwamba wapo wanaoshika jambo mara moja na wapo wanaohitaji kurudiwa mara tano. Kukana tofauti hizo kunawaumiza hasa wale tunaodai kuwatetea. Mtoto mwenye shida ya kujifunza asipopimwa hatambuliwi. Anachapwa, anaitwa mvivu, na mwishowe anaacha shule. Na mtoto mwerevu wa nyumba maskini naye hupotea bila kuonekana. Katika jimbo la Florida, Marekani, wilaya moja ya elimu iliacha kutegemea mapendekezo ya walimu na wazazi, ikawapima watoto wote. Idadi ya watoto maskini na wa jamii zilizobaguliwa walioingia madarasa ya wenye vipaji ikapanda sana. Kipimo kilimwona mtoto ambaye macho ya watu yalikuwa yamempita.

Ila ukitoka shuleni kwenda kwenye maisha, uhusiano unapungua. Mwaka 2007 mtafiti wa Estonia, Tarmo Strenze, alikusanya tafiti nyingi za kufuatilia watu kwa miaka mingi. Uhusiano wa akili na kiwango cha elimu ulizidi 0.5, na hadhi ya kazi ulizidi 0.4, lakini na kipato ulikuwa karibu 0.2 tu. Kwa hesabu za kitakwimu, 0.2 maana yake akili iliyopimwa inaeleza kama asilimia 4 ya tofauti za vipato vya watu. Sehemu kubwa sana iliyobaki inatokana na mengine. Mwanasaikolojia Lewis Terman wa California aliwachagua watoto wapatao 1,500 wenye alama za juu kuanzia mwaka 1921, na utafiti wake ukawafuatilia hadi uzeeni; wengi wao walifanikiwa. Lakini William Shockley na Luis Alvarez walipimwa, wakaonekana hawafikii kiwango, wakaachwa. Baadaye wote wawili walishinda tuzo ya Nobel ya fizikia.

Na urithi je? Tafiti za mapacha zinaonyesha kweli kwamba jeni zina sehemu kubwa katika tofauti za akili, hasa kwa watu wazima. Tatizo ni kuichukua namba ya urithi kama kitu cha kudumu, ilhali inategemea mazingira ya waliopimwa. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Eric Turkheimer alikuta kwamba katika familia maskini za Marekani jeni hazikueleza karibu chochote, na katika familia tajiri zilieleza sehemu kubwa. Kwa haki niseme kwamba Ulaya tofauti hiyo haikuonekana. Wanaoeleza sababu wanataja kwamba huko huduma za afya na elimu zimesambazwa kwa usawa zaidi. Mtoto akishapata chakula, dawa na mwalimu sawa na mwenzake, kinachobaki kuwatofautisha ni walichozaliwa nacho. Uganda haijafika hapo, na hapa ndipo ninapoachana na wanaochukua namba za Scotland na kuzibandika kwa mtoto wa Karamoja, eneo maskini la kaskazini mashariki mwa nchi.

Tazama malaria. Watafiti waliowafuatilia watoto waliotibiwa malaria ya ubongo katika Hospitali ya Mulago, Kampala, walikuta kwamba baada ya miaka miwili takriban mmoja kati ya wanne bado alikuwa na upungufu wa kumbukumbu, umakini au uwezo mwingine wa akili. Kwa watoto wa jirani ambao hawakuugua, ilikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Watoto hao walipona. Mama alimfunga mwanawe mgongoni akarudi naye nyumbani akishukuru Mungu. Miaka sita baadaye mwalimu atamwita mzito, na hakuna atakayekumbuka homa ile. Takwimu za taifa za mwaka 2016 zilikuta asilimia 29 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa kwa lishe duni, na udumavu huchelewesha ubongo pamoja na mwili. Mama akikosa madini joto ya kutosha akiwa mjamzito, ubongo wa mtoto huathirika kabla hajazaliwa. Kutia madini hayo kwenye chumvi, jambo lililolazimishwa Uganda katika miaka ya 1990, kumeongeza akili za Waganda kuliko gwaride lolote la kuwashangilia waliofaulu.

Shule nayo haikuti akili ikiwa imekamilika, bali inaijenga. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018, uliojumlisha takwimu za watu zaidi ya 600,000, ulionyesha kwamba kila mwaka wa masomo huongeza kati ya pointi 1 na 5 za kipimo cha akili. Sasa kumbuka kwamba shule za Uganda zilifungwa, kabisa au kwa sehemu, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022 kwa ajili ya korona, kipindi kirefu kuliko nchi yoyote. Wapo watoto wa Kampala waliofundishwa kwenye kompyuta na kuajiriwa walimu wa nyumbani. Wa kijijini walichunga mbuzi, walichimba dhahabu, wasichana wengi walipata mimba. Wote hao wamewekwa kwenye mizani moja ya agrigeti, halafu tunasema tunapima vichwa.

Hili la nguvu ya shule liligunduliwa hapa hapa. Mtafiti Mmarekani Stephen Heyneman alichunguza shule za msingi za Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1970, akakuta kwamba elimu na mali za wazazi hazikuamua matokeo kama ilivyokuwa Marekani. Ubora wa shule ndio ulioamua zaidi. Mwaka 1983, yeye na William Loxley walilinganisha nchi 29 na kukuta kwamba kadiri nchi ilivyo maskini, ndivyo shule na walimu wanavyokuwa na uzito mkubwa zaidi. Namba ya mtoto wa Uganda, basi, inabeba habari za shule yake kwa kiasi ambacho namba ya mtoto wa Scotland haikubeba.

Inabeba na lugha. Nenda soko la Arua, mji wa kaskazini magharibi karibu na mpaka wa Kongo, wakati wa likizo uone msichana wa miaka 12 anayeuza nyanya za mama yake. Anaongea Kilugbara na jirani wa meza ya pili, anamgeukia mteja kutoka Kongo kwa Kiswahili. Mafungu matatu ya shilingi 1,000, noti ya 20,000. “Mama, chenji yako 17,000, hesabu.” Akiulizwa bei kwa faranga anaibadilisha kichwani huku mkono unafunga mfuko. Msichana huyo katika madarasa matatu ya mwanzo alifundishwa kwa lugha ya nyumbani, kisha akahamishiwa Kiingereza, na mtihani wake wa Hisabati utaandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 1985 watafiti walichapisha walichokiona kwa watoto wachuuzi wa Recife, Brazil: hesabu za sokoni walizipata kwa asilimia 98, na hesabu zile zile zikiandikwa kwenye karatasi bila maneno ya biashara, kwa asilimia 37.

Kuna jaribio moja lililofanyika Kampala ambalo kwangu linazidi yote kwa uzito. Mwaka 2016 mchumi Emma Riley alichukua wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakijiandaa na mitihani ya taifa, akawagawa kwa bahati nasibu. Wengine walionyeshwa filamu ya Queen of Katwe, inayosimulia maisha ya kweli ya Phiona Mutesi, msichana wa Katwe, mtaa wa mabanda wa Kampala, aliyefika kuiwakilisha Uganda kwenye mchezo wa chesi. Wengine walionyeshwa filamu nyingine ya kawaida. Kwa wale wa kidato cha nne ilikuwa imebaki takriban wiki moja kabla ya mtihani. Kati yao, waliofeli Hisabati walikuwa asilimia 32 kwa waliotazama filamu ya kawaida, na 18 tu kwa waliotazama Queen of Katwe. Hakuna akili ya kuzaliwa inayobadilika ndani ya wiki moja. Kilichobadilika ni moyo wa kujaribu, kumwona mtu wa mtaa kama wako amefika. Ikiwa saa mbili za filamu zinaweza kuisogeza namba kiasi hicho, namba hiyo haiwezi kuwa picha kamili ya kilichomo kichwani.

Wanaosisitiza akili bado wana jibu, na jibu lao si la kudharauliwa. Mwaka 2008 serikali ya Uganda iliwapa vijana wa kaskazini mwa nchi ruzuku ya dola zipatazo 382 kwa kila mmoja wakajifunze ufundi. Vikundi vilichaguliwa kwa bahati nasibu. Baada ya miaka minne vipato vya waliopata vilikuwa juu kwa asilimia 38. Baada ya miaka tisa waliokosa walikuwa wamewafikia. Mtu anaweza kusema: mnaona, fursa hupita na uwezo wa mtu hurudi pale pale. Mimi nalisoma kinyume. Waliokosa hawakubaki chini. Walihangaika miaka tisa hadi wakafika walipofika wenzao. Uwezo ulikuwapo pande zote mbili, na fedha zilifupisha safari ya wachache. Hata hivyo ninakubali kwamba ruzuku peke yake haigeuzi maisha moja kwa moja, na anayedai hivyo anauza ndoto.

Kwa hiyo sisemi vipimo vitupwe. Anayeamini kweli kwamba akili ndiyo mali kubwa ya mtu angekuwa wa kwanza kudai vyandarua, chanjo ya malaria na chakula cha mchana shuleni. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inasema kumlisha mwanafunzi ni jukumu la mzazi. Kwa hiyo mtoto ambaye mzazi wake hana, anasoma Sayansi saa nane mchana bila hata kikombe cha uji, na saa hizo zinaingia kwenye agrigeti yake.

Na namba yenyewe isomwe pamoja na mahali ilipotoka. Utaratibu huo si mgeni: Chuo Kikuu cha Makerere kiliwaongezea wasichana wanaoomba kujiunga pointi 1.5 kuanzia mwaka 1990, na vyuo vikuu vya umma vimekuwa na nafasi za wilaya kwa miaka mingi. Nafasi za wilaya zimelalamikiwa, na kwa haki, kwa sababu mtoto wa mkubwa aliyesomeshwa Kampala anaweza kujiandikisha kwa wilaya ya babu yake na kumzidi aliyesoma huko huko. Kinachofaa kupimwa ni shule, wala si ukoo. Sekondari zinapochagua watoto wa kidato cha kwanza, agrigeti 14 kutoka shule ambayo wenzake wote walipata 25 na zaidi iwekwe juu ya agrigeti 8 kutoka shule ambayo kila mtu anapata 6. Baraza la Mitihani lina namba za kila shule, na hesabu hiyo linaweza kuifanya.