Kabla hujanunua CNC, itikise kwanza

Wiki hii vijana wawili wameniuliza wanunue CNC gani, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ya kuweka nyumbani, na wote swali la kwanza ni mota ya kukatia ina wati ngapi. Jamani, shika kwanza ule mhimili unaobeba mota, utikise kwa mkono, ukiona unacheza achana nayo, hizo wati hazitakusaidia kitu.

Nasema hivi maana yamenikuta. Mie nilianza na ile ndogo, 3018, jina lake ndo kipimo chake, inachonga sentimita 30 kwa 18 basi. Plastiki inakata, mbao laini inakata, nikaona nishakuwa fundi. Shangazi yangu pale Ngamiani akaniagiza kibao cha KARIBU cha mlangoni, nikatafuta kipande cha mtiki wa shamba la Longuza, nikaingiza faili nikawasha. KARI ikatoka safi mpaka nikaipiga picha. Kufika B biti, kile kisu cha kukatia, ikakutana na fundo, fremu ikajinyonga, mota ya kusogeza ikaruka hatua, na BU nzima ikachongwa juu ya mstari, kama milimita 4 hivi. Na mashine wala haina habari! Hizi mota za kusogeza, stepa, nyingi zinakwenda kwa hatua tu, 200 kwa mzunguko, bodi inatuma amri ikiamini imefika, hakuna wa kuiambia umekwama.

Sasa naunda yangu. Fremu ya skwea paipu, nachomelewa na fundi wa mageti, kazi yangu ni kumsimamia apige pembe mraba maana geti likipinda kidogo halimuumizi mtu ila hii itaniumiza. Ukubwa nimekomea sentimita 60 kwa 60 na watu wananicheka, lakini boriti ukiirefusha mara mbili kwa mzigo uleule inapinda mara 8, kwa hiyo hiyo ya kuchonga mlango mzima waachie wenye karakana. Pesa nyingi imeenda kwenye reli za chuma na boli skrubu (skrubu ya kusogezea, nati yake ina gololi) ya milimita 16, badala ya magurudumu ya plastiki na kale kaskrubu ka milimita 8. Kichwani nafunga routa ya mkononi ya useremala, inatosha. Ubongo ndo rahisi kuliko vyote, GRBL ni programu ya bure ya kuendesha CNC na inakaa kwenye Arduino Uno, bodi ndogo ya kielektroniki.

Halafu huku kwetu Tanga upepo wa bahari hauna huruma, reli nimeziacha kwenye boksi bila oili wiki mbili tu nikakuta zishaanza madoa ya kutu. Na funga zile swichi za pembeni, umeme ukikatika katikati ya kazi mashine inasahau iko wapi, ukirudi inazigonga inajua pa kuanzia, bila hivyo unakadiria kwa macho.

Shangazi kile kibao kakitundika hivyohivyo, na kila nikipita ananiuliza BU itashuka lini.