Alama 168 ni kati ya ngapi? Wazazi na vipimo vinavyomfuata mtoto

Karatasi ya matokeo ya kipimo cha kompyuta, ambayo shule hutuma nyumbani, huwa ya ukurasa mmoja. Juu kuna jina la mtoto na darasa lake, chini yake namba kama 168, kisha grafu yenye mistari miwili au mitatu inayopanda kuelekea kulia. Mzazi aliyesoma Kigoma, Bukavu au Machakos akiishika karatasi hiyo huuliza maswali mawili ambayo yeye mwenyewe aliulizwa kila alipofunga shule: amepata ngapi kati ya mia, na amekuwa wa ngapi darasani? Karatasi haijibu hata moja. Nimewatafsiria wazazi wengi katika mikutano yao na walimu huko Lexington, Kentucky, mji wenye Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, na msimamo wangu ni huu: kipimo hiki ni chombo kizuri mikononi mwa mwalimu, lakini shule inayokituma nyumbani bila maelezo huwaachia wazazi hofu wasiyostahili, au furaha wasiyostahili vilevile.

Kipimo ninachokizungumzia ni MAP Growth, cha Hisabati na Kusoma, kilichotengenezwa na NWEA, shirika lililoanza mwaka 1977 kaskazini-magharibi mwa Marekani na ambalo tangu 2023 limo ndani ya kampuni ya Houghton Mifflin Harcourt. Vipo vingine vya aina hiyo, kama i-Ready na Star, na mengi nitakayosema yanavihusu navyo pia, ingawa kila kimoja kina namba zake na haifai kuzilinganisha. Mtoto hukaa mbele ya kompyuta au tableti. Wale wa chekechea na darasa la kwanza huvaa hedifoni na kusomewa maswali. Akijibu sawa, swali linalofuata huwa gumu zaidi kidogo. Akikosa, hupewa lililo rahisi zaidi. Kwa kawaida maswali ni 40 na ushei, na hayana muda maalumu wa kumalizwa. Maswali machache tu yakishapita, watoto wawili walioketi bega kwa bega huwa hawafanyi tena mtihani mmoja, na ndiyo maana hakuna hesabu ya "kati ya ngapi" inayoweza kufanywa.

Utaratibu huu si mgeni kama kompyuta inavyotufanya tudhani. Alfred Binet na Théodore Simon, walipotunga kipimo chao mjini Paris mwaka 1905, walipanga maswali kutoka rahisi hadi magumu ili mpimaji aone mtoto anafika wapi. Kwetu Afrika Mashariki, tathmini ya Uwezo, iliyoanza 2009 kwa mfano wa ASER, tathmini kama hiyo ya India, ilipeleka watu wa kujitolea majumbani Kenya, Tanzania na Uganda wakiwa na karatasi yenye ngazi za herufi au silabi, maneno, aya na hadithi, na mtoto aliandikiwa ngazi ya juu aliyoweza kuisoma. Hakuna aliyemwambia mama wa mtoto kwamba mwanawe amepata 62. Aliambiwa kwamba mtoto anasoma maneno lakini bado hajaweza aya, na mama alielewa mara moja. MAP Growth hufanya kazi ya namna hiyo kwa ngazi nyingi na nyembamba zaidi, ila jibu linakuja kwa namba isiyosema chochote kwa asiyefundishwa kuisoma.

Jambo la kwanza ambalo mzazi anapaswa kuambiwa, na ambalo mara nyingi haambiwi, ni kwamba kipimo kimetengenezwa ili mtoto akose karibu nusu ya maswali. Msingi wake unatokana na kazi ya Georg Rasch, mwanahisabati wa Denmark, aliyechapisha kitabu chake juu ya jambo hili mwaka 1960. Kwa hesabu yake, uwezo wa mtu na ugumu wa swali huwekwa kwenye mstari mmoja wa namba, na mtu akikutana na swali lililo sawa kabisa na uwezo wake, nafasi yake ya kupatia ni nusu kwa nusu. Swali ambalo mtoto ana hakika ya kulipatia halimwambii mwalimu jambo jipya, wala lile asiloweza hata kuligusa. Kompyuta basi hutafuta mpaka, na ikishaupata humweka mtoto hapohapo. Matokeo yake ni kwamba mtoto hodari wa darasa, yule aliyezoea kupatia kila kitu, huwa ndiye anayetoka chumbani amenuna, kwa sababu kwa mara ya kwanza amekutana na maswali ya watoto wanaomzidi miaka miwili. Akifika nyumbani akasema, "Nimekosa mengi," na baba akamfokea, baba huyo amemwadhibu mtoto kwa sababu kipimo kimefanya kazi yake.

Sasa namba yenyewe. Inaitwa RIT, na mstari wake ni mmoja tangu chekechea hadi madarasa ya juu, ukianzia karibu 100 na kufika karibu 350. Kwa viwango vya kitaifa vya 2020, ambavyo vilisasishwa 2025, mtoto wa wastani aliyeanza darasa la kwanza alikuwa na takriban 160 katika Hisabati na 156 katika Kusoma. Aliyeanza darasa la pili alikuwa na takriban 175 na 172. Kwa hiyo 168 katika Hisabati mwanzoni mwa darasa la kwanza ni namba ya juu, na 168 hiyohiyo mwanzoni mwa darasa la pili iko chini ya wastani. Bila kujua darasa, somo na wakati wa mwaka, namba hiyo haina maana yoyote, na bado nimeona wazazi wakipongezana kanisani kwa kulinganisha RIT za watoto wasiosoma hata darasa moja.

Pembeni ya namba kuu huandikwa mbili nyingine, kwa mfano 165 na 171. Hizo ndizo ningependa mzazi aanze nazo, kwa sababu zinakiri kwamba kipimo hukisia, na kwamba mtoto huyohuyo akipimwa tena kesho anaweza kupata namba tatu juu au tatu chini bila kuwa amejifunza au kusahau lolote. Kisha kuna namba ya nafasi kati ya watoto 100. Mtoto mwenye 45 hapo hakupatia asilimia 45 ya maswali wala hakuwa wa 45 darasani kwake. Maana yake ni kwamba amelingana na au amewazidi watoto 45 katika kila 100 wa darasa kama lake nchini kote, yaani yuko katikati kabisa pamoja na wengi. Kwa macho yaliyozoea 45 iliyozungushiwa wino mwekundu, si rahisi kuamini hivyo, na simlaumu mzazi hata kidogo.

Mama aliyewahi kupeleka mtoto kliniki na kadi yake ya uzito tayari ana ujuzi unaotakiwa. Muuguzi huweka nukta, huiunganisha na nukta za miezi iliyotangulia, kisha wote wawili hutazama mstari unaelekea wapi, na haiingii akilini mwa mtu kuuliza kama mtoto amefaulu kilo. MAP Growth hutolewa mara mbili au tatu kwa mwaka, na thamani yake yote iko katika nukta hizo kuunganishwa. Tahadhari ni moja: watoto wadogo hukua haraka katika kipimo hiki na wakubwa polepole. Kwa viwango vya 2020, mtoto wa wastani wa darasa la kwanza alipanda takriban 16 katika Hisabati kati ya mwanzo na mwisho wa mwaka wa shule, na wa darasa la nane takriban 5 tu. Tena, baada ya likizo ndefu ya kiangazi namba mara nyingi husimama au hushuka kidogo. Wastani wa Hisabati mwishoni mwa darasa la kwanza ulikuwa karibu 176 na mwanzoni mwa la pili karibu 175, kwa hiyo mzazi anayeona kushuka kwa namba moja baada ya likizo hana sababu ya kumtafuta mchawi.

Kwa watoto wa miaka mitano na sita, mimi binafsi naiamini nukta moja kwa kiasi kidogo sana. Yupo mtoto anayejua jibu lakini hajui kuburuta picha kwa kidole hadi kwenye kisanduku. Mwingine hedifoni zake zimelegea na haoni haya kubonyeza popote ili amalize akacheze. Programu huweza kugundua ubonyezaji wa haraka usio na fikra na kumjulisha msimamizi, lakini haiwezi kugundua njaa, homa inayoanza, wala mtoto aliyeingia nchini miezi mitatu iliyopita na ambaye bado anashangaa kwa nini anazungumziwa na mashine.

Hapo ndipo penye uzito kwa sisi Waswahili. Kipimo kina toleo la Kihispania. La Kiswahili hakuna. Alama ya Kusoma ya mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili inabeba ndani yake Kiingereza chake, na haiwezekani kuvitenganisha. Wengi wanafikiri Hisabati imesalimika, lakini haikusalimika. Nilimwona mtoto mmoja, mwepesi wa kutoa na kujumlisha akiwa na shangazi yake dukani, akisikiliza swali la shanga mara tatu: Fulani ana shanga ngapi pungufu kuliko mwenzake? Alijumlisha. Nilipomuuliza swali hilohilo kwa Kiswahili baadaye, alijibu kabla sijamaliza. Kompyuta iliandika kwamba hajui kutoa, ikamshusha ngazi, na maswali yaliyofuata yakazidi kuwa mepesi kuliko alivyostahili.

Kwa sababu hiyo namshauri mzazi wa mtoto anayejifunza Kiingereza asikubali kuonyeshwa MAP peke yake. Majimbo mengi, Kentucky likiwamo, hupima Kiingereza cha watoto hawa kila mwaka kwa mtihani wa WIDA ACCESS, unaotoa ngazi kuanzia 1 hadi 6. Karatasi mbili zikiwekwa pamoja mezani, mazungumzo hubadilika. Mtoto mwenye Kiingereza cha ngazi ya 2 ambaye RIT yake ya Kusoma iko chini lakini inapanda kila anapopimwa yuko mahali tofauti kabisa na mwenye Kiingereza cha ngazi ya 5 ambaye mstari wake umelala. Na mkalimani aombwe mapema, awe mtu mzima. Nimewahi kumkuta dada wa darasa la sita akiwatafsiria wazazi wake taarifa ya mdogo wake, akiruka sehemu mbaya kwa huruma, na mwalimu akiitikia kwa kichwa bila kujua kilichorukwa.

Ugomvi wangu mkubwa zaidi ni pale chombo cha mwalimu kinapogeuzwa kuwa lango. Chicago iliwahi kutumia MAP katika kuamua nani aingie kwenye ushindani wa shule za kuchagua wanafunzi, na ripoti ya mkaguzi mkuu wa shule za umma za jiji hilo mwaka 2020 ilieleza vipimo vilivyochukua muda mrefu kupita kiasi na kusitishwa mara nyingi kupita kawaida. Hilo halinishangazi. Seattle, mapema mwaka 2013, walimu wa Garfield High School walikataa kabisa kukisimamia, wakisema hakiwafai wanafunzi wao, na mwaka huohuo wilaya ikakifanya kuwa cha hiari kwa shule za sekondari. Sikubaliani na wanaotaka kifutwe kwa wadogo, kwa sababu nimeona walimu wakikitumia kupanga vikundi vya kusoma vizuri sana. Ila mtoto wa miaka sita akirudishwa darasa, au akinyimwa nafasi ya programu ya wenye vipaji, kwa sababu ya asubuhi moja ya hedifoni, mzazi ana haki ya kupinga, na apinge kwa maandishi. Kuhusu wanaouza tuisheni ya kumwandaa mtoto wa chekechea kwa MAP, sina maneno mengi: mtoto akikaririshwa maswali, kompyuta itampa mwalimu mpaka wa uongo, na mwalimu atamfundisha asichokiweza.

Mkutanoni, badala ya kuuliza amekuwa wa ngapi, mzazi amwombe mwalimu afungue ukurasa unaogawa somo katika maeneo yake, kama vile namba, vipimo na maumbo kwa Hisabati, au sauti za herufi na msamiati kwa Kusoma, kisha amuulize ni kitu gani mtoto yuko tayari kujifunza mwezi huu na nyumbani wafanye nini kwa dakika kumi kila jioni. Amuulize pia kama anachokiona darasani kinafanana na karatasi. Mwalimu akisema havifanani, mimi humwamini mwalimu, hasa kama anaweza kufungua daftari la mtoto palepale na kuonyesha kazi ya wiki iliyopita.