Cheti cha vijidudu hakitoshi kwa kisima kilicho jirani na drai klina

Mwenye kisima akiulizwa kama maji yake yamepimwa, mara nyingi hutoa karatasi ya maabara: vijidudu vya kinyesi hakuna, chumvi kiasi, nitrati sawa. Karatasi hiyo ni ya kweli kwa yale iliyoyapima. Lakini kama mita mia tatu kutoka kisimani kuna drai klina, au iliwahi kuwapo na sasa jengo ni duka la viatu, bado hajapima kitu chenyewe cha kuogopa. Kwa maoni yangu, mtu wa namna hiyo fedha yake ya kwanza aipeleke kwenye kipimo cha viyeyusho vinavyogeuka mvuke kwa urahisi, kabla ya kununua chujio na kabla ya kumlipa mchimbaji aongeze kina.

Kwa miongo mingi dawa kuu ya kusafishia nguo kwenye drai klina imekuwa kiyeyusho cha namna hiyo, tetrakloroethilini, kwa kifupi PCE. Haina rangi, na lita yake moja ina uzito wa kilo 1.62 hivi. Petroli ikivuja huelea juu ya maji ya ardhini, PCE huzama. Hupita usawa wa maji, hushuka mpaka ikutane na udongo wa mfinyanzi au mwamba usio na nyufa, hutuama hapo na kuendelea kuyeyuka kidogo kidogo kwa miaka mingi baada ya mwenye biashara kufunga na kuhama. Ndiyo maana siuamini ushauri wa “chimba zaidi utapata maji safi.” Mchimbaji akitoboa tabaka la mfinyanzi na asizibe vizuri kwa saruji au bentoniti (udongo unaovimba ukilowa) nafasi iliyo kati ya bomba la kisima na udongo, ameifungulia dawa njia ya kwenda chini zaidi. Kisima kikuukuu kilichoachwa wazi hufanya vivyo hivyo.

Watu hudhani lazima pipa lipinduke ndipo ardhi ichafuke. La hasha. Mashine hupoza mvuke wa dawa uliochanganyika na maji, kisha kitenganishi huvigawa: dawa hukaa chini na kurudishwa kazini, maji hubaki juu. Maji hayo yanaonekana masafi, na kwa muda mrefu yalimwagwa tu kwenye sinki. Lita moja yaweza kubeba miligramu 150 za PCE, yaani mikrogramu 150,000, ilhali kikomo cha maji ya kunywa Marekani ni mikrogramu 5 kwa lita. Bomba la maji taka lenye viungo vinavyovuja huyamwaga udongoni kila siku ya kazi. Ongeza vichujio vilivyokwisha na tope la mtambo wa kusafishia dawa, vikitupwa nyuma ya jengo. Sakafu ya zege nayo si kizuizi cha kutegemea, kwa sababu dawa hupenya nyufa na maungio yake.

Piga hesabu ndogo. Lita moja ya PCE safi, ikiyeyuka yote, inatosha kufikisha lita milioni 324 za maji kwenye kile kikomo cha mikrogramu 5. Katika kambi ya wanamaji wa Marekani ya Camp Lejeune, Carolina Kaskazini, visima vya nyumba za Tarawa Terrace vilichafuliwa na drai klina iliyokuwa nje ya kambi, na vile vilivyoathirika zaidi vilifungwa mwaka 1985.

Pua haikusaidii. Harufu ya PCE majini huanza kusikika kwenye mikrogramu 300 hivi kwa lita, mara 60 ya kikomo hicho. Umoja wa Ulaya umeweka mikrogramu 10 kwa jumla ya PCE na binamu yake trikloroethilini (TCE), na Shirika la Afya Duniani limekwenda hadi 100 kwa PCE. Mimi nashikilia 5, kwani kisima cha nyumbani hakina mtu anayekikagua kila mwezi.

Sampuli ndipo kazi huharibikia. Omba maabara ikupe chupa zake za kioo za mililita 40, zenye utando wa Tefloni ndani ya mfuniko. Kwa kawaida huwa zimetiwa matone ya tindikali, kwa hiyo usizisuuze. Endesha pampu kama dakika 15 ili maji yaliyolala bombani yaishe, kisha chukua sampuli kabla ya tangi na kabla ya chujio lolote. Maji yaliyokaa kwenye tangi la juu yamekwisha kupoteza sehemu ya dawa hewani. Vua kichujio cha mdomo wa koki, fungulia maji membamba yasiyotoa povu, yaache yateremke ubavuni mwa chupa mpaka yafure juu ya ukingo, kisha funga. Igeuze kichwa chini na uigonge kidogo. Ukiona kiputo, dawa itahamia humo na kipimo kitasoma pungufu. Chukua chupa nyingine. Jaza mbili au tatu, ziweke kwenye barafu, na zipimwe ndani ya siku 14. Jenereta ya petroli isingurume karibu. Chupa ya plastiki ya soda, hata ikioshwa mara kumi, haifai kabisa.

Majibu yakija, usisome mstari wa PCE peke yake. Pasipo oksijeni, bakteria wa ardhini huigeuza kuwa TCE, kisha dikloroethilini, kisha vinili kloridi, ambayo ni mbaya kuliko mama yake: Shirika la Afya Duniani limeiwekea mikrogramu 0.3 tu kwa lita.

PCE au mojawapo ya hizo ikipatikana, usiyachemshe maji. Kuchemsha huhamishia mvuke jikoni, na klorini haiifanyi chochote. Kuoga kwa maji ya moto huingiza dawa mapafuni na kupitia ngozi, kwa hiyo chujio la sinki la jikoni ni nusu ya suluhisho. Weka matangi mawili ya kaboni amilifu ya punje (makaa yaliyotayarishwa kunasa kemikali), moja nyuma ya jingine, mahali maji yanapoingilia nyumbani, na koki ya kuchukulia sampuli katikati yao. PCE ikionekana kwenye koki hiyo, tangi la kwanza limeshiba: litoe, sogeza la pili mbele, weka jipya nyuma. Vinili kloridi haishikiki vizuri kwenye kaboni. Ikiwamo, unahitaji mtambo wa kupuliza hewa majini, na hewa itokayo itolewe nje, mbali na madirisha.